Sura Niliyoifuta Ubaoni

Sijawahi kufundisha nimekaa. Miaka yote ya kazi nilitembea, kutoka ubaoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka wanafunzi wa shule moja wakanibandika jina la Bwana Huku-na-Huku. Mkaguzi mmoja aliwahi kuandika katika ripoti yake kwamba mwalimu huyu anawachosha watoto shingo. Nimestaafu, lakini miguu bado haijapata habari. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoingia ualimu, na ninyi mnaodurusu kwa ajili ya mitihani, nivumilieni. Nitaruka huku na kule. Kuna jambo moja ninalotaka kulifikia, na kila ninapolikaribia huwa najikuta nazungumzia mengine.

Kwa mfano ubao. Siku hizi mnaletewa ubao umekwisha pakwa rangi. Sisi tulivunja betri kuukuu za tochi, tukatwanga ule mkaa wa ndani pamoja na majani ya viazi vitamu, tukapaka mara mbili na kuuacha ukauke kivulini. Ukiukausha juani unapasuka. Ubao mzuri ni ule unaofutika ukafutika. Ubao mbaya hubakiza kivuli cha somo la jana, na mwanafunzi mjanja anaweza kukisoma. Ubao wangu wa Chemchem ulikuwa mbaya.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, bendera yake ingali juu lakini watu wameanza kuitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekwisha kula na bado hajaaga. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya kati ya serikali mjini Tabora, kijana, nimeoa mwaka uliotangulia. Jumamosi mchana, kwa hiari yangu, nilikuwa na darasa la watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa cheti cha sekondari bila kupita sekondari. Walikuwa tisa. Tulisomea mtaa wa Chemchem, katika chumba cha Bi. Zuhura, mjane wa seremala, ambacho zamani kilikuwa karakana ya marehemu mumewe. Meza yetu ilikuwa benchi lake refu la kupigia randa. Bi. Zuhura hakutaka kodi. Alitaka tusichafue ukuta, na tunyamaze kidogo wakati wa swala ya alasiri.

Kati ya wale tisa nitawatajia wawili tu. Wa kwanza ni Masanja, gadi wa treni, Msukuma wa Choma upande wa Igunga, mtu mpana, mzito wa maneno, aliyenizidi umri kwa miaka mitano hivi. Alitaka kuwa stesheni masta. Weusi walikuwa wameanza kufikiriwa kwa kazi hiyo, lakini bila cheti jina lako halikusomwa. Wa pili ni Kabula, nesi wa hospitali, Mkatoliki kutoka kijiji cha nje ya mji. Alikuwa na ile saa ya manesi inayobanwa kifuani, yenye mshale wa sekunde, na alikuwa na tabia ya kuitazama pale mwalimu anapoanza kubabaisha.

Mtihani ulitungwa Ulaya na karatasi zake zilikuja kwa meli. Ndiyo maana mtu wa Choma alilazimika kujua mambo mawili ambayo hayakuwa na undugu: nguvu na mwendo katika fizikia, na jinsi Bunge la Uingereza lilivyorekebishwa katika historia. Yote kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nikiyasoma kwa Kiingereza na kuyatafuna kwa Kiswahili. Kile mnachokiita leo mchapuko, sisi hatukuwa na neno lake. Tulisema kuongeza mwendo.

Nianze na fizikia, kwa sababu huko nilikosea kwa heshima.

Kitabu changu cha fizikia kilikuwa kimoja, na mchwa walikuwa wamekula kurasa sita katikati ya sura ya nguvu. Kurasa zile sita nilizijaza kwa akili yangu mwenyewe. Niliwaambia wanafunzi kwamba kitu hutembea kwa sababu kinasukumwa, na msukumo ukiisha, mwendo unaisha. Nikaandika ubaoni, nikapiga mstari chini. Masanja akainua mkono. Akaniuliza kuhusu mabehewa yanapopangwa stesheni: injini inalipiga behewa kumbo, inasimama, na behewa linaendelea peke yake hadi mwisho wa reli. Wakati huo linasukumwa na nani?

Nikamwambia nguvu ya injini imebaki ndani ya behewa, kama joto linavyobaki ndani ya chungu. Jibu lilinipendeza. Masanja akasema yeye amekuwa akifunga breki za mabehewa hayo miaka minane na hajawahi kuona nguvu ikivuja. Darasa likacheka. Kabula akatazama saa. Mimi nikasema kitabu ndivyo kinavyosema, na huo ulikuwa uongo mdogo, kwa kuwa waliosema ni mchwa.

Wiki nzima sikutulia. Jumamosi iliyofuata Masanja akatuombea ruhusa, tukaenda wote tisa na mimi kwenye jukwaa la mizigo la stesheni, lililosakafiwa kwa saruji, refu na tambarare. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu somo hili mnaweza kulifanya popote bila maabara. Tulichukua mkokoteni wa mizigo wenye magurudumu ya chuma. Tukauning'iniza nyuma yake mkebe wa maji uliotobolewa tundu dogo kwa msumari, ukawa unadondosha tone, tone, tone. Kabula akahesabu kwa saa yake mpaka akaridhika kwamba matone hayabadiliki. Masanja akauvuta mkokoteni kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia vifurushi, akijitahidi mshale usiondoke kwenye alama moja.

Kisha tukainama kusoma sakafu. Wakati Masanja anavuta, matone yalikuwa yakizidi kuachana: shubiri, kisha shubiri mbili, kisha hatua. Alipoachia, hayakukoma. Yaliendelea, yakiwa yameachana karibu sawa, na mbele zaidi yakaanza kukaribiana polepole. Tukapakia magunia mawili ya mchele, akavuta kwa alama ileile ya mizani. Matone yakaachana kidogo tu.

Kabula ndiye aliyesema, huku bado amechuchumaa. Alisema nguvu haileti mwendo, inaubadilisha mwendo. Pale mwisho matone yanapokaribiana, kuna kitu kinaushika mkokoteni, na hicho nacho ni nguvu, ila imekuja kutoka upande wa pili.

Nilisimama pale juani na chaki mfukoni. Nikawaambia kwamba niliyowafundisha Jumamosi iliyopita ni makosa, kwamba kurasa zimeliwa na nilizijaza mwenyewe. Nilitegemea wataondoka. Masanja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama Wasukuma wanavyomshika mtu wanayemheshimu, akasema tangu leo nikimwambia kitu hatakiuliza mara mbili.

Maneno hayo yalinifurahisha sana wakati ule. Sasa huwa yananiondoa kitini.

Maana baada ya fizikia ilikuja historia. Sura yenyewe ilikuwa tamu. Bunge lao la zamani lilikuwa na majimbo ambayo kitabu kiliyaita yaliyooza. Palikuwa na mahali palipobaki kilima na nyasi, hapana nyumba hata moja, na bado palipeleka wabunge, eti kwa kuwa karne za nyuma palikuwa na mji. Wakati huohuo miji mipya ya viwanda, imejaa watu na moshi, haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Mwenye kura alikuwa mwenye mali, tena aliitamka hadharani mbele ya bwana wa shamba lake. Baada ya fujo na maandamano wakarekebisha kidogo. Kisha kidogo tena. Kura ya siri ilikuja baadaye. Wanawake wakawa wa mwisho.

Niliichora ubaoni: kilima upande mmoja, mabomba ya moshi upande mwingine. Na ikasadifu kwamba siku hizohizo serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na kwamba mpigakura lazima awe na elimu ya kiasi fulani au kipato cha kiasi fulani. Mji mzima ulikuwa ukinong'ona. Sisi waajiriwa wa serikali tulikwisha onywa tusikaribie chama cha siasa. Sikuwa nimekikaribia. Nilikuwa nafundisha habari za Uingereza.

Masanja alitazama mchoro wangu kwa muda, akasema, "Mwalimu, baba yangu ana ng'ombe wengi na hajui kusoma. Yeye ni kile kilima au ni ule mji wa moshi?"

Walicheka mpaka Bi. Zuhura akachungulia. Mimi pia nilicheka, na nilipogeuka dirishani nikamwona mtu amesimama nje, koti la kaki, mikono nyuma. Kila mtu wa sokoni alimjua. Alikuwa askari kanzu. Alinisalimu vizuri tu, akaenda zake.

Siku nne baadaye niliitwa kwa Afisa Elimu. Alikuwa Mwingereza mpole, wala sitaki mmfikirie kama jitu la hadithi. Alinikaribisha kiti, nami nikabaki nimesimama kwa sababu miguu ilikataa. Akasema amesikia nina darasa la kura. Nikamweleza kwamba ni sura ya historia, imo katika muhtasari wa mtihani. Alisema anajua, yeye mwenyewe aliisoma utotoni na akasinzia. Kisha akafungua jalada, nikaona juu yake barua yangu ya maombi. Nilikuwa nimeomba kwenda chuoni Uganda mwaka mmoja kusomea ualimu wa sayansi. Aliigusa kwa kidole, hakuisoma.

"Fundisha fizikia, Mwalimu," alisema. "Fizikia haimuudhi mtu."

Hakunitisha. Hakuniamuru. Nimekuwa nikijiambia kwamba aliniamuru, miaka mingi, lakini hakuniamuru. Nilitoka ofisini nikazunguka mji mara mbili kabla ya kurudi nyumbani. Mke wangu Eliza alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri.

Jumamosi iliyofuata niliingia darasani mapema, nikaufuta ubao. Nikawaambia hivi, na nayarudia kama nilivyoyasema: "Nimepitia mitihani ya miaka ya nyuma. Sura ya marekebisho ya Bunge haitatoka mwaka huu. Tusiipotezee muda."

Sikuwa nimepitia mtihani wowote. Hakuna mtu Tabora aliyejua kitakachotoka.

Wengine walinung'unika kwamba ndiyo sura waliyoielewa. Masanja hakunung'unika. Alifunga daftari lake, akasema afadhali, mzigo umepungua. Alikuwa amepata likizo na kesho yake alikuwa anakwenda Choma kusoma huko, na pia kumsaidia babaye kulima kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza. Maelezo yake ya sura ile, kurasa kumi na mbili kwa mwandiko wa polepole, alimwachia Kabula ili asibebe karatasi za bure. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma mawili na siku chache.

Watu walipoondoka Kabula alibaki. Alikuwa akiutazama ubao. Nimewaambia ulikuwa ubao mbaya: kilima kilikuwa bado kinaonekana, na mabomba ya moshi.

"Mwalimu," alisema, "siku ile ya behewa ulikuwa hujui. Leo unajua."

Nikaanza kumweleza habari za muda, na uzito wa muhtasari, na maswali ya kuchagua. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayekataa kusema mahali panapouma. Aliniambia naye alimwona yule mtu dirishani. Kwamba yeye ataisoma sura hiyo peke yake, hana neno, na wengine wa mjini atawaazima daftari. Ila Masanja yuko Choma. Akaziweka zile kurasa kumi na mbili juu ya benchi la seremala, akaenda zamu.

Nilikaa na kurasa zile siku tatu. Nasema nilikaa, lakini nilitembea. Nilikwenda sokoni bila kununua kitu, nikarudi. Darasani shuleni nilimwita mtoto mmoja kwa jina la mwingine mara tatu. Siku ya nne nikamweleza Eliza yote: ofisi, barua, ubao. Hakusema kwamba nimefanya vibaya wala vizuri. Aliuliza Choma ni mbali kiasi gani. Kisha akanichemshia viazi vya njiani na kuvifunga kwenye kitambaa.

Niliomba ruhusa ya siku saba kwa mkuu wa shule, nikasema nina mgonjwa. Uongo huzaa haraka kuliko sungura. Nikapata lori lililokuwa likipeleka chumvi na mabati Igunga. Barabara ile siku hizi mnaipita mmesinzia. Wakati ule, mvua za kwanza zikishanyesha, udongo mweusi wa mbugani ulikuwa unameza magurudumu. Tulikwama kabla ya kufika Igunga. Abiria kumi na mmoja tulisukuma mpaka mishipa ya shingo ikatutoka, na lori halikusogea hata inchi. Nilifundishwa na mabega yangu kile ambacho mchwa walikula: nguvu kubwa inaweza kutumika yote na mwendo usibadilike hata kidogo, kama kuna nyingine inayokaza upande wa pili. Nikashauri tuchimbe tope mbele ya magurudumu na kutandika matawi; tulipokwisha, wanne tu walitosha. Dereva akaniambia kwamba mwalimu kumbe ana faida. Sikuwa na moyo wa kucheka.

Igunga niliazima baiskeli kwa mwalimu niliyesoma naye, nikafika Choma mchana wa siku ya tatu. Masanja alikuwa shambani nyuma ya jembe la ng'ombe. Babaye, Mzee Luhende, alikuwa ameketi kwenye kigogo kando ya shamba akimwelekeza mtoto wake mtu mzima jinsi ya kunyoosha mstari. Nikamwamkia, "Mwadila, baba," akaniitikia kwa furaha, akidhani nimeletwa na heri.

Masanja alikuja akijifuta jasho. Nikamwambia palepale, kabla ya maji, kabla ya salamu za nyumbani, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikamwambia sura ile inaweza kutoka kama sura nyingine yoyote.

"Ulikosea?" aliuliza.

"Nilidanganya. Niliogopa."

Aliwarudia ng'ombe, akalima mstari mzima hadi mwisho wa shamba, akageuza, akalima hadi aliposimama mbele yangu tena. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi juu ya matuta kama mwizi anayetafuta pa kutokea.

"Na yale ya mkokoteni?" akasema. "Matone nayo?"

Nikasema yale ni kweli, aliyaona kwa macho yake mwenyewe.

"Na haya nitayaona wapi?"

Vijana wangu, nimeulizwa maswali mengi. Nimeulizwa na wakaguzi, na wazazi, na watoto wenye akili kuliko mimi. Hilo ndilo lililonishinda. Ukishamdanganya mtu mara moja, hata ukweli uliompa zamani anaanza kuugeuza aangalie chini yake kuna nini. Mkikosea, semeni mmekosea, mtaaibika siku moja tu. Lakini msimdanganye mwanafunzi kwa ajili ya usalama wenu. Aibu ya hilo haina siku ya kwisha.

Nilimpa kurasa zake kumi na mbili. Akazitambua, akaziangalia mbele na nyuma. Akasema mimi nimekuja kwa lori na baiskeli, kwa hiyo nikae, nifundishe, na alisema bila tabasamu. Nikafundisha siku mbili, mbele ya zizi, nikitembea mbele ya watu wa nyumba ile waliokuja kuona mwalimu anayeongea huku akienda. Masanja alikuwa akimtafsiria babaye kwa Kisukuma. Mzee Luhende alisikiliza habari za kilima chenye wabunge na miji isiyo nao, na jinsi watu walivyoongezewa kura kidogo kidogo, miaka mingi. Mwishowe akasema neno moja refu, na Masanja, kwa mara ya kwanza tangu nilipofika, akacheka kidogo.

"Anasema kumbe hata wao walipakuliwa kwa kijiko."

Tulirudi Tabora pamoja. Lori halikukwama, na njia nzima Masanja hakuniongelesha zaidi ya lazima.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani niliwaeleza wote nilichokifanya na kwa nini. Nilikuwa nimeichora sura upya, kilima na moshi, juu ya kivuli chake kilekile. Nilipokuwa katikati yule askari kanzu akaja tena. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Kabula alisogea kwenye benchi, akapapasa mahali palipobaki, kama anavyomwonyesha mgonjwa kitanda. Yule mtu akasita, akaingia, akakaa. Nikaendelea. Nilifika kwenye kura ya siri, nikafika kwa wanawake, nikamaliza. Yule askari kanzu aliuliza swali moja tu: wale wa kilimani, baada ya kunyang'anywa wabunge wao, walikwenda kulalamika wapi? Nikamwambia hapakuwa na watu kule wa kulalamika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata kitu cha kufikiri, akaondoka. Labda aliandika ripoti. Labda ilikwisha andikwa kabla.

Mtihani ukaja. Tulisubiri nje ya ukumbi, mimi na Bi. Zuhura aliyekuwa amevaa buibui jipya kana kwamba ni harusi. Siku ya historia Kabula alitoka wa kwanza. Akaja moja kwa moja kwangu.

Sura ya marekebisho ya Bunge haikutoka.

Hakikutoka hata kipande chake. Nilichowaambia kwa uongo kilikuwa kimegeuka kuwa kweli. Yaliyotoka ni maswali mawili juu ya viwanda vya nguo na ujenzi wa reli zao za kwanza, mambo ambayo Masanja alipanga kuyadurusu Choma katika zile siku mbili nilizozitumia kumfundisha mbele ya zizi. Gadi wa treni alikosa swali la reli. Alipotoka ukumbini alinipita, akarudi, akanipa mkono, akaenda kazini.

Matokeo yalichukua miezi. Kabula alifaulu vizuri, na baadaye akawa mkuu wa manesi katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa hapendi kutajwa. Wengine wanne walifaulu. Masanja alipata fizikia, alama ya juu kuliko wote. Historia alianguka, na bila historia hapakuwa na cheti.

Juma lilelile nikapata barua yangu. Nafasi ya Uganda alipewa mwingine, na mimi nikahamishiwa shule ndogo ng'ambo ya Kaliua. Barua haikutoa sababu, wala sikuuliza. Eliza alifungasha vyombo, mtoto mgongoni, na tukapanda treni ya Kigoma inayofuata njia ileile waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu, zama ambazo mtu alihesabu safari kwa vidonda vya mabega. Nilikuwa nikitembea kwenye behewa la daraja la tatu kutoka mlango hadi mlango, abiria wakinikunjia miguu, ndipo gadi akaingia. Alikuwa Masanja, bendera ya kijani kwapani.

Akamsalimu Eliza, akamshika mtoto kidole. Kisha akasimama nami mlangoni, upepo ukipiga.

"Kama usingekuja Choma, ningefaulu," alisema.

"Huenda."

Hakunisamehe kwa maneno, wala sikumwomba. Tulisimama tukiangalia miombo ikipita. Mpaka leo sijui kama nilikwenda kule kwa ajili yake au kwa ajili ya usingizi wangu mwenyewe, na ninyi msiwe wepesi wa kunijibia. Treni ikaanza kupunguza mwendo kuingia stesheni ndogo. Alikuwa amekwisha kanyaga ngazi ya kushukia alipogeuka.

"Huko uendako ni maili ngapi kutoka kwenye reli?"

"Kumi na nane, wanasema."

"Njia ya baiskeli ipo?"

Nikamwambia sijui.

"Nitaiona mwenyewe," akasema, akashuka kwenda kupepea bendera.

Alifika Jumamosi ya tatu, matairi yamejaa tope mpaka hayazunguki, ameibeba baiskeli begani maili za mwisho. Kabla hata ya kuomba maji alitoa daftari jipya kifuani, akasema tuanze na viwanda.